Mama Auza Mlango Aende Kordoba

Jumanne. Mvua imekoma saa tisa alasiri, jua limetoka, na sasa joto la mvuke limenikalia shingoni. Nimechoka, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Kazi yangu ni kuandika vipeperushi vya safari, katika ofisi moja ndogo pale Makadara. Wiki hii ni Kordoba, mji wa kale huko Uhispania. Sijawahi kufika. Nimesoma tu, mpaka macho yanauma: msikiti mkuu wa zamani ambao leo ni kanisa, matao yake ya rangi nyekundu na nyeupe, msitu wa nguzo, daraja la Warumi, na nyua za nyumba zilizojaa vyungu vya maua. Mwezi wa Mei wenye nyumba hufungua milango, wageni wakaingia kutazama. Leo Bwana Twaha, mkubwa wangu, amenirudishia ukurasa huo mara ya tatu. Eti nitie utamu. Nitie utamu gani, sukari?

Nikavumilia. Kisha nikafungua orodha ya waliojiandikisha kwa safari hiyo.

Jina la pili ni la mama yangu.

Mama, ambaye akialikwa harusi Likoni husema feri inamtia kizunguzungu! Nilitoka ofisini bila kuaga mtu, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwake Mji wa Kale, nikirukaruka madimbwi. Mlangoni nikamkuta fundi ameshika futi, anapima. Nikamuuliza anapima nini. Akasema mlango umeuzwa kwa mwenye hoteli, unang'olewa Alhamisi, na yeye ataweka wa chuma.

Mlango wetu wa msaji, uliochongwa maua kutoka juu hadi chini, wenye jina la babu yake mama kwenye kizingiti cha juu. Watalii husimama pale kila siku. Mimi mwenyewe nimeuweka kwenye blogu hii sijui mara ngapi.

Mama alikuwa uani anachambua mchicha.

"Mama, wauza mlango wetu uende kutazama milango ya watu?"

"Naam," akasema, wala hakuinua uso.

Nakiri, nilimpigia mama yangu kelele. Sijawahi. Nikamtajia urithi, nikamtajia historia, nikamtajia marehemu baba. Nyumba ni ya mama mwenyewe, alipewa na babake siku alipoolewa, kama ilivyo desturi yetu, lakini hilo sikutaka kulikumbuka. Nikamwambia iko ofisi inayolinda majengo ya kale, na barua ya kuzuia mlango usiguswe nimeshaiandika kwenye simu, imebaki kuituma tu.

Akaweka mchicha chini.

"Rukia, mlango huo nyinyi mwaupija picha. Mimi ndimi niliyekaa nyuma yake. Babako akisema hapana, ni hapana, sitoki. Akafa, nikakaa eda, miezi minne na siku kumi nautazama. Kwa ndani hauna hata ua moja. Nenda katazame."

Nilikwenda kwa ujeuri, nimwonyeshe amekosea. Nikamwomba fundi anipishe, nikaufunga, nikasimama upande wa ndani.

Mbao tupu. Komeo, ncha za misumari, na alama ya mafuta pale mkono unaposhika. Nimezaliwa nyumba ile, nimeingia na kutoka kwenye mlango huo maisha yangu yote, na sikuwahi kuutazama upande huo. Katika picha zangu zote hakuna hata moja iliyopigwa kutoka ndani.

Nikaona haya. Hasira haikuisha, ila haya zilikuwa nyingi zaidi.

Mimi ninakaa Tudor, ghorofa ya tatu, mlango wa chuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza naenda wapi. Ni rahisi sana kuupenda mlango wa kale ukiwa na funguo za kwingine mkobani.

Barua nimeifuta. Bado sijakubali, na Alhamisi utakapong'olewa nitalia, najijua. Na Bwana Twaha asithubutu kunirudishia ukurasa wake tena.

Kesho asubuhi nampeleka mama kuomba pasipoti. Amenipigia simu sasa hivi, mara ya pili, kuniuliza avae buibui gani.