Upepo Ndio Kijiko

Jumanne, Julai

Kwa hiyo Mama Zaituni anaondoka kweli. Leo pale ufukweni Kibirizi nimemkuta anabomoa chanja zake za kuanikia. Hazikuwa na dagaa hata wa kumdanganyia paka.

"Mwalimu wa jiografia, ziwa lina maji ya moto kama ya kuogea, na huku ni kipupwe. Kwa nini?"

Nikafurahi kuulizwa, maana wanafunzi wangu husinzia. Nikamwonyesha chai yake: ukiipuliza inapoa, ukiikoroga sukari inapanda. Upepo wa kusini hulifanyia ziwa yote mawili. Mwaka huu umekuwa dhaifu, basi jua limepasha maji ya juu, na chakula cha dagaa kimebaki chini kama sukari.

"Basi lete kijiko, Mwalimu, nisiende Kasulu kulima maharage ya kaka yangu!"

Tukacheka. Hapo ndipo ningemwambia abaki. Mimi nikaendelea kueleza habari za mvuke!

Tangu nifiwe na mke wangu, ni yeye tu anayeniuliza kama nimekula.

Jioni hii nimekula. Hakuna aliyeuliza.

Gari lake ni Jumamosi. Nimefungua dirisha nisikilize upepo. Hata pazia halitikisiki.