Mvua ya Alhamisi

Jumatano, 19 Machi 2025

Kilabu ya uandishi, hapa shuleni Arua. Wanataka igizo la kisayansi: vijana wanne wenye nguvu za moto, maji, upepo na udongo. Sawa. Lakini Mungu wangu, wamesoma na kutazama mengi mno! Wa moto lazima awe na hasira. Wa upepo lazima achekeshe watu. Wazazi wamekufa — wote! — na hakuna aliyeeleza wamekufaje. Kuna alama ya kuzaliwa begani. Kuna maabara ya serikali yenye kuta nyeupe. Udongo hakuna anayeutaka. Hupewa yule mnene, naye hufa kabla ya mwisho. Nikawauliza: hivi huyu mwenye nguvu za maji, anayeshusha mvua, mama yake hana shamba la muhogo? Wakanitazama kama mshamba.

Aliyejibu ni Poni peke yake. Msichana wa Koboko, mpakani na Kongo, wa kabila la Wakakwa, mkimya. Alisema kwao watu wa mvua wapo. Babu yake alikuwa na mawe ya mvua, yamezikwa karibu na nyumba. Nguvu hiyo haimjii mtu ghafla akiwa kijana, inakaa katika ukoo. Na mvua ikikataa, watu wanakuja kwenu. Nikauliza wanakuja kufanya nini. Akainua mabega tu.

Nikamwambia aandike hiyo. Ndicho kitu pekee leo ambacho hakikuazimwa.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya wazazi kutembelea. Igizo limependeza kuliko nilivyotegemea. Poni ndiye msichana wa mvua, na mama yake yu hai mpaka mwisho — hilo nililipigania. Watu wa maabara wamekamata rafiki zake. Anapanda juu ya meza, anasema polepole: "Mvua nimeifunga. Haishuki mpaka niseme mimi." Makofi!

Baba mdogo wa Poni, Swadiki, alikuwa anachukua video kwa simu. Anachoma matofali, na mvua ni adui yake. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Basi akapaza sauti kutoka nyuma: "Funga muzuri, mutoto yangu! Matofali yangu bado!" Tukacheka wote. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Ijumaa, 2 Mei

Shule imefungwa. Joto la kuchosha. Aprili ilinyesha kidogo, watu wakapanda, kisha kimya. Njugu za mama yangu kule Aroi zimeota, zimenyauka. Alipanda tena. Zimenyauka tena. Hapa Dadamu, nje ya Arua, nako vumbi tupu.

Poni alikuja kuaga, akaomba kitabu cha likizo. Nikampa kimoja cha hao vijana wa moto na upepo, nikamwambia aniletee hesabu ya wazazi waliokufa. Alicheka. Si kawaida yake.

Jumatatu, 12 Mei

Santina, mama yake Poni, amenipigia simu. Anaongea chini chini.

Video ya Swadiki imezunguka Koboko nzima, na imekatwa kichwa na mkia. Hakuna kupanda meza, hakuna maabara, hakuna kicheko chetu. Kuna binti wa ukoo wa mvua anasema ameifunga, na baba yake mdogo anamwambia afunge vizuri. Kwa watu waliopoteza mbegu zao zote, kesi imekwisha hapo. Wamelivunja tanuru la Swadiki. Mwenyewe amekimbilia ng'ambo, Kongo, na simu amezima. Jana wamekuja nyumbani na fimbo. Hawakumgusa Poni. Wamesema afungue mvua kabla ya soko la Jumamosi, la sivyo wao wanajua la kufanya.

Nikauliza habari za polisi. Santina akasema hata askari ana shamba.

Nikampigia mkuu wa shule. Yeye anataka tu jina la shule lisitajwe. Naona haya kuwa chini ya mtu huyu.

Naogopa. Yule mtoto wanaweza kumuua.

Jumanne, 13 Mei

Afadhali! Alionzi, mwalimu wetu wa jiografia, amenionyesha utabiri wa hali ya hewa kwenye simu yake. Wingu kubwa linakuja kutoka Kongo. Alhamisi mchana itanyesha Koboko, na safari hii hana wasiwasi kabisa. Nilitaka kumkumbatia mbele ya mkewe.

Nikampigia Santina hapo hapo. Waambie wavumilie, Alhamisi itanyesha. Akaniuliza mara mbili: Alhamisi? Alhamisi, nikasema. Leo nimekula vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna hata wingu. Alionzi anasema kesho, kesho. Asubuhi nakwenda Koboko.

Alhamisi, 15 Mei. Koboko

Naandika ndani kwa Santina.

Nilipofika ua ulikuwa umejaa watu. Fimbo sikuziona. Wamekaa, wanatazama angani upande wa Kongo. Poni wamemweka kwenye kiti katikati, amevalishwa kitenge kipya. Hajala tangu jana.

Nilisimama nikasema. Ni igizo, watoto walilitunga darasani. Nikaeleza wingu, simu, Alionzi. Walinisikiliza kwa heshima kabisa. Kisha mzee Lako, mkubwa wa ukoo, akanijibu: "Mwalimu, sisi hapana kataa maneno yako. Lakini mutoto alisema Alhamisi."

Nikamtazama Santina. Akainamisha kichwa. Kumbe hakuwaambia kwamba ni mimi niliyesema. Mwalimu wa Arua, nani angemsikiliza? Aliwaambia Poni ndiye aliyesema. Alitaka tu waweke fimbo chini.

Mchana upepo ukaanza, na baadaye mvua. Mvua hasa! Vigelegele, watu wazima wanacheza kwenye tope. Nami nilishukuru, siwezi kudanganya, nililia kwa furaha. Halafu mwanamke mmoja, wa umri wa bibi yake, akapiga magoti mbele ya Poni na kumwekea kuku miguuni. Akaja mwingine. Poni akaivuta miguu yake chini ya kiti.

Sasa wazee wako barazani wanapanga, na nasikia kila neno. Swadiki amesamehewa, arudi. Poni atajengewa nyumba yake, karibu na mawe ya babu. Santina ameuliza, na shule je? Lako amejibu kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi: "Shule iko kwa watoto. Hii si mutoto tena. Akienda Arua, mvua inafuata yeye." Wote wakaitikia.

Hiyo Alhamisi niliitaja mimi. Mimi na simu ya Alionzi! Nikitoka sasa hivi kuwaambia hivyo, watanisikiliza kwa heshima ileile.

Poni amekuja kukaa nami. Nywele bado zinadondosha maji. Ameniuliza, "Madamu, ikikatika tena?" Nikamwambia tutaondoka pamoja asubuhi. Sijui tutapitaje. Barazani wanapangana nani atalala mlangoni.

Simu yangu imelia. Ujumbe wa Alionzi. Anajisifu, si alisema? Anasema pia nimwambie mama yangu asiharakishe kupanda, maana kuanzia kesho ni jua tupu, wiki mbili au zaidi, huku na Koboko. Poni ananyoosha mkono, anataka kuona kilichoandikwa.