Casilda Gumban na Uwanja Alioufagia Kila Alfajiri

Mwaka umetimia, Mama Mkubwa, tangu asubuhi ile ulipoketi kwenye benchi uani upumzike kidogo, usiinuke tena. Chai yako ya tangawizi ilikuwa bado inatoa mvuke.

Watu wa mji wetu wa Guimbal wanakukumbuka kwa cherehani. Watoto wengi hapa walianza shule ndani ya sare ulizoshona wewe, na pindo uliliacha refu makusudi, ili nguo ikue pamoja na mtoto.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa mambo madogo zaidi. Kabla jua halijachomoza ulifagia uani kwa ufagio wa chelewa, taratibu, kutoka mlangoni hadi kwenye mkwaju. Majani ya mkwaju hayaishi, nawe ulijua. "Sifagii majani," ulimwambia Mama alipokucheka. "Nafagia kichwa." Habari za kimbunga ulizisikiliza mara moja tu, ukafunga madirisha, ukazima redio. Mchana uliwaita majirani mkakaa kwenye ngazi, mnang'oana mvi na kusimuliana yaliyowakera, na aliyekuja amenuna aliondoka amepungukiwa mvi na kinyongo. Jioni ulilala mapema. "Kichwa kikianza ubishi usiku, usikijibu. Kijibu asubuhi, kimeshapoa."

Tuliyasikia hayo kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani. Hatukujua kwamba nyumba nzima ilikuwa imeyaegemea.

Ulipolala sebuleni ndani ya jeneza, tulifuata desturi: nyumba yenye maiti haifagiwi, asije mtu mwingine akafagiwa pamoja naye. Mama, mdogo wako Eufemia, aliufungia ufagio stoo. Maganda ya karanga ya waliokesha wakicheza karata yalitapakaa sakafuni na hakuna aliyeyagusa. Tukakuzika. Kwa watu wengine desturi hiyo inaishia hapo, kila mtu anashika ufagio wake. Mama hakuutoa.

"Dada, fagia basi, nyoka watahamia hapa," Mjomba Crispin alimwambia.

"Nikifagia nitamfagia na yeye."

Ndani tulifagia kwa siri Mama akiwa sokoni. Uani hatukuthubutu.

Majani yakapanda hadi yakafunika ngazi ya chini. Na kila alfajiri Mama alikuwa ameketi kitandani, ametega sikio. "Mnasikia? Ameshafika kwenye mkwaju." Tulimwambia ni upepo. Kisha siku moja mwenzetu Nonito, ambaye hakuna asilolifanyia mzaha, alikuja mezani amesawajika. Na yeye alikuwa amesikia: chelewa zinakwaruza ardhi, taratibu, kutoka mlangoni hadi kwenye mkwaju, halafu benchi likalia kama linavyolia mtu akiketi. Alitoka nje akaangalia. Majani yalikuwa vilevile. Tangu hapo hakuna aliyetaja upepo tena.

Mama aliacha kulala ili asikukose. Baadaye akaacha kula, na mwisho akaacha hata kutugombeza. Tukuambie ukweli, tuliogopa kwamba mwaka ukitimia tutakuwa na makaburi mawili ya kuwashia mishumaa.

Siku ya kumaliza mwaka na kuvua nguo nyeusi za msiba ilipofika, Bi Consorcia wa nyumba ya pili aliingia kungali giza, na sufuria yake, kutusaidia kupika.

"Eufemia! Bado umo ndani ya gauni hilo? Hata kunguru anakushangaa."

"Nikilivua, atadhani nimemsahau."

"Nani, Casilda? Aliyetafuta miwani asubuhi nzima nayo iko kichwani pake? Huyo ndiye atakuja kukagua gauni lako?"

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, na nyuma yake kikaja kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi. Bi Consorcia aliweka sufuria chini akamkumbatia.

"Lia, shoga yangu. Mimi siendi popote."

"Namsikia kila alfajiri, Consorcia. Anafagia, anafagia, na majani hayaondoki."

"Basi amechoka, maskini. Kampokee ufagio."

Mama akafuta uso kwa kiganja, akaenda kufungua stoo. Alifagia peke yake, na gauni lake jeusi, kutoka mlangoni hadi kwenye mkwaju. Tulisimama dirishani. Hakuna aliyetoka kumsaidia, kwa sababu tuliona kwamba kazi hiyo si yetu. Lundo la majani lilimfika kiunoni. Alipomaliza alinawa miguu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na usingizi ukamchukua kabla hajainua miguu juu.

Wageni wa sala walipofika walimkuta anakoroma.

"Tumwamshe?" kiongozi wa rozari aliuliza.

"Mwamshe uone," Bi Consorcia akamwambia.

Basi rozari yako, Mama Mkubwa, ilisaliwa kwa kunong'ona. Watu walikula wamesimama uani, wakizuia vijiko visigonge sahani, na watoto wakacheza barabarani kwa mbali. Mama alilala hadi jua likazama, angali na gauni jeusi mwilini.

Tangu siku hiyo analala, ingawa si kila usiku. Jumatatu amekubali kwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, yule anayekaa na watu waliolemewa na mawazo akawasikiliza, na Merlita wetu atamsindikiza. Tuna matumaini, na tunaamini huko uliko unayo pia.

Bado kuna alfajiri tunazokusikia. Hatukufukuzi. Ila ukija, Mama Mkubwa, kanyaga polepole. Mama amelala.

Unakumbukwa na mdogo wako Eufemia, kaka yako Crispin, watoto wako tuliolelewa na mikono yako, Merlita, Nonito na Jovelyn, jirani yako Consorcia, na wote uliowavalisha.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.