Yesu Mwenye Uso wa Kwetu

Dada Naserian, shikamoo.

Huku Olmotonyi tu wazima. Baridi ipo, na kitambi changu bado kinanitangulia kila mahali, hata kwenye ngazi ya kuchorea.

Usharika ulinipa kazi ya kuchora Yesu mpya ukutani, maana yule mzungu wa zamani aliliwa na unyevu. Nikaomba safari hii awe mweusi kama sisi. Mzee Elirehema akanitania, "Huyo atatubariki au atatuchungia mbuzi?" Lakini wakakubali.

Jumapili tulipoondoa shuka ukutani, wimbo ulikatika katikati. Dada, bila kujua nilikuwa nimemchora mdogo wetu aliyefukiwa mgodini, pamoja na ule mdomo wake wa kutaka kucheka wakati wa sala.

Sasa wazee wanataka nimpake weupe. "Yule mzungu tulimzoea," anasema Elirehema. "Hakuwa ndugu wa mtu."

Unajua kwetu jina la marehemu halitajwi, na mama hajalitamka tangu msiba. Jana nilikuwa ngazini na brashi yangu na rangi nyeupe waliyonipa, mama akaingia, akakaa benchi la mbele.

"Sakaya, shuka."

Nikashuka. Akautazama ukuta, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aliyeko zizini: "Tajeu, njoo ule."

Tukangoja. Mimi na uzee wangu nilishikilia benchi, nikiogopa asije akashuka kutoka ukutani. Mama aliogopa asishuke.

Rangi nyeupe nimewarudishia wazee. Njoo upesi, dada. Mama amekataa kutoka kanisani mpaka aitikiwe.

Nduguyo mwoga,
Sakaya