Tamthilia Haina Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Jana jioni, kwenye tamthilia, Hakimu alimfungia mkewe chumbani. Leo kazi haikwenda. Mashuka ya wodi yamerundikana mpaka dirishani, pasi zinapoa, sisi tunabishana. Msimamizi ndiye aliyeanza — anampenda Hakimu tangu sehemu ya kwanza. Anasema mwandishi amelipua kazi: mtu mpole sehemu kumi na moja, halafu wiki moja tu kageuka mnyama. Mhusika hajengwi hivyo. Kijiko (tunamwita hivyo kwa wembamba wake) akamuunga mkono.

Mimi nilikuwa nakunja shuka lile lile mara ya tatu.

Hakugeuka. Alikuwa hivyo tangu mwanzo. Watu walikuwa wanamtazama usoni, hakuna aliyetazama mikono.

Daftari hili linakaa hapa kazini, nyuma ya mashuka chakavu. Nyumbani haliendi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika! Kwenye kundi la mashabiki, wakati wa mapumziko. Kwa simu ya Kijiko — yangu Mwalimu kaichukua kuichaji. Mwalimu ni mume wangu. Hata nyumbani namwita Mwalimu.

Nilitaka mistari miwili, ikawa ukurasa. Nikawaambia warudi nyuma. Sehemu ya pili, Hakimu anachukua simu ya mkewe, eti anamsaidia kuichaji. Ya nne, anamuuliza kapita njia gani, na yeye alikuwa dirishani akimwona. Ya sita, anachora mstari wa chaki kwenye ncha za viatu vya mkewe pale mlangoni, ili akirudi ajue kama vimesogea. Mgeni akiingia anaona mapenzi matupu. Mwandishi kamjenga tofali kwa tofali, sisi tukawa tunatazama tabasamu.

Kijiko akaisoma kwa sauti. Wakapiga makofi. Msimamizi akasema kazi ya pasi inanipotezea muda, ningekuwa mwandishi.

Nilijiona mrefu siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Mwalimu anakunywa chai, redio inaongea. Mtangazaji akasema kuna uchambuzi wa shabiki mmoja unazunguka kwenye simu za watu. Akausoma. Wote, neno kwa neno. Alipofika kwenye chaki akasita. Akawauliza wasikilizaji hiyo ya chaki ni sehemu ya ngapi, maana yeye haikumbuki. Simu zikaanza. Mmoja anasema ya tano. Mwingine anaapa ni ya saba. Wa tatu: haipo kabisa.

Haipo.

Nikaweka birika mezani. Kweli haipo. Nimechanganya tamthilia na mlango wangu.

Mwalimu hakuinua macho. Alimaliza chai, akaendelea kukoroga kikombe kitupu.

"Huyo mtu anatazama kwa makini sana," akasema.

Nikamwambia sikuwa nasikiliza. Akacheka kile kicheko chake kinachotangulia swali. Swali lenyewe halikuja. Bora lingekuja.

Jumamosi, 8 Machi

Viatu vyangu havina mstari leo. Sakafu ya mlangoni imepigwa deki, inang'aa. Kadeki yeye. Miaka sita hajawahi kushika tambara.

Nimeunguza foronya mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Jana aliitazama tamthilia pamoja nami. Hajawahi. Aliniwekea mto mgongoni, akaketi karibu. Kila Hakimu alipofungua mdomo, Mwalimu alinitazama mimi. Ilipoisha akauliza kama yule mke ana pa kwenda. Nikasema sijui mwandishi kapanga nini.

"Hana," akasema. Akaenda kulala.

Leo Msimamizi hakunisubiri hata nifunge aproni. Akanivuta kwenye chumba cha foronya, akafunga mlango. Anasema tangu Ijumaa karudia sehemu zote, moja baada ya nyingine, atafute pa kunikosoa.

"Chaki haipo, mwanangu."

Nikaendelea kufunga aproni.

"Iko kwenu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi juu ya marobota — yeye ambaye hajawahi kuketi kazini. Akasema wiki zote hizo alikuwa anamtetea Hakimu mbele yangu, nimsamehe. Kisha akaanza kupanga, vile vile anavyopanga zamu. Lori la mashuka linatoka mlango wa nyuma saa kumi. Dereva ni mdogo wake. Nikae mbele naye, nishukie nyumbani kwa Msimamizi, mengine tutayajua huko. Sikukubali wala sikukataa. Nikarudi kwenye pasi.

Saa tisa mlinzi akapanda ngazi. Mwalimu yuko chini. Kaacha darasa lake. Eti nimesahau simu, kaniletea.

Msimamizi akashuka kuichukua. Akarudi mikono mitupu. Anasema ni mtu wa adabu kweli kweli, kasalimia kila mtu, kamuuliza mlinzi hali ya watoto. Ila simu anataka aniwekee mkononi mwenyewe.

Mlinzi akauliza amwambieje.

"Mwambie sishuki."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Miaka sita sijamkatalia Mwalimu hata chumvi.

Sasa ni saa tisa na dakika arobaini. Naandikia dirishani, nyuma ya shuka lililoanikwa. Namwona. Yuko kwenye benchi la wageni, kapandanisha miguu, simu yangu iko pajani. Katulia kama anayesimamia mtihani. Kijiko kasukumia toroli mlangoni, kaliegemea kwa mgongo, na ule wembamba wake. Hacheki leo. Lori limewashwa, nalisikia huko nyuma. Msimamizi ananiambia nivue aproni, niache kuandika, tushuke ngazi za nyuma sasa hivi, tusingoje saa kumi. Namwambia naja. Mkono hauachi kalamu. Nikiacha kuandika itabidi nitembee.

Mwalimu anamuuliza mfagiaji kitu. Anatabasamu. Mfagiaji naye anatabasamu, ananyoosha mkono — kule nyuma, kwenye malori.

Ameinuka.