Kwa Erasto Wekoye, Aliyemzika Mgeni

Mwaka umetimia leo, mwana wetu Erasto, tangu tulipokuleta nyumbani Matulo tukiwa tumekulaza juu ya mlango tulioung'oa kwenye karakana yako. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Waumini wa Bokoli bado wanakalia mabenchi uliyowatengenezea. Ulikuwa ukipiga mluzi ukishika randa, na hukugusa chakula kabla ya kumuuliza mkeo Nekesa kama watoto wameshiba. Chai yako ilipoa kila siku. Mama yako Nakhungu husema, "Huyu angechelewa hata harusi yake."

Yanayofuata hatukuyasema mazishini.

Ng'ombe walipoanza kuibwa, wanaume wa kijiji waliunda kikosi. Wakapatana kwamba mwizi akishikwa hapelekwi kwa chifu wala kwa polisi. Baba yako, Mzee Wabwile, alikuwa mmoja wa waliokubali, na uji wa kikosi ulipikwa jikoni kwetu. Asubuhi walipomuua mgeni mmoja kando ya Mto Nzoia, sisi tulipiga vigelegele. Wewe uliuliza, "Nani alimwona na ng'ombe?" Watu wakatawanyika. Ukachukua jembe, ukamzika peke yako.

Jioni ulimwambia baba yako, "Baba, na sisi tumemuua." Tangu siku hiyo hakusema nawe.

Ni wewe uliyelitafuta jina la yule mtu. Aliitwa Ngari, mnunuzi wa ngozi kutoka Kibomet, Kitale. Kila mwezi ulifunga mahindi na maharagwe kwenye baiskeli, ukakaa siku mbili hatukuoni. Hukutuambia unakwenda kwa mjane wake. Ulijua tungekukataza.

Kisha ng'ombe wengine wakaibwa. Watu watatu wa kikosi walimkuta baba yako uani akipukuchua mahindi.

"Mzee, kijana wako si anaendanga Kitale? Anapeleka nini huko?"

Moyoni alijua wewe si mwizi. Angeweza kusema, ngojeni arudi tumuulize pamoja. Lakini hasira ilikuwa bado imemkaba.

"Msiniulize mimi," akasema. "Huyo alijifanya ndugu wa wezi siku alipomzika mwizi."

Akaendelea kupukuchua. Wakaenda kukungojea barabarani, na mchana huohuo wakakuua.

Wiki moja baadaye mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliingia kwetu. "Namtafuta fundi Erasto," akasema. "Ametulisha miezi saba, na mwezi huu hakuja. Nikasema labda ni mgonjwa." Huyo ndiye Wacuka, mke wa Ngari. Baba yako alipomsikia aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Nekesa ndiye aliyempa mgeni maji, na ndiye aliyemwambia yaliyokupata.

Kwa miezi mingi mzee alikula peke yake. Mwezi uliopita alivaa koti lake la kanisani, akatembea hadi kwa polisi Bungoma. Alitaja majina ya kikosi, akianza na lake. Wale watatu wamekamatwa. Yeye waliandika maneno yake, kisha wakamwambia arudi nyumbani, ati hakushika rungu.

"Nimewaambia ni mimi," alimwambia dada yako Wilkista aliporudi. "Wamekataa kunifunga." Alilia kama mtoto, nasi tukaketi naye. Sisi pia tulipiga vigelegele siku ile Ngari alipouawa.

Tulipokaa kuandika haya alisema, "Mimi msiniandike. Nitamkumbukaje mtu niliyemtoa auawe?"

Mama yako hakuinua macho. "Utaandikwa," akasema. "Ulimzaa."

Wanaokukumbuka ni mkeo Nekesa na watoto wenu wawili. Mama yako Nakhungu. Dada yako Wilkista. Wacuka na watoto wake, Kibomet. Na baba yako, Wabwile.

Siku zote za maisha yetu tutakutaja, Erasto.