Mtunzi Aliyekuja Kisauni

Jumamosi, 2 Septemba 1961

Anakuja! Bwana Obeid mwenyewe, mtunzi wa *Kisiwa Kisichotulia*! Alhamisi atawasomea wasichana wetu shuleni. Mwalimu Kulthum, mkuu wetu, ametutangazia walimu leo. Nikamuuliza mara mbili kama ni kweli. Akacheka — Samiha, mbona watetemeka?

Nina haki ya kutetemeka. Kitabu kile nilikisoma nikiwa mdogo, nimejificha nyuma ya magunia ya mchele dukani kwa Baba. Kisiwa kinachohama kila mara mtu asemapo uongo. Mfalme wa majini anamtaka Zuhura, na Zuhura anamkatalia mbele ya jeshi lake zima. Sikuwa nikijua kwamba mtu wa pwani hii, anayekula mahamri na mbaazi kama mimi, aweza kuumba ulimwengu wake. Siku ile nikaanza kuandika. Sijaacha hadi leo.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeinakili upya hadithi yangu ya mji ambao mvua yake hupanda badala ya kushuka. Mkono wauma. Barazani Baba na wenzake wabishana habari za Mwambao — tutakuwa na Kenya au na Sultani wa Unguja? Wapiga makelele hadi kahawa yapoa. Mimi nawaza kesho tu.

Alhamisi, 7 Septemba

Ni mfupi! Sijui kwa nini nilidhani atakuwa mrefu. Ndevu zina mvi, kanzu imepigwa pasi vizuri, sauti nzito. Aliposoma wasichana hawakukohoa hata mmoja.

Mwisho aliuliza kama kuna mwenye swali. Nikasimama mimi. Nikamuuliza: Zuhura alipokwisha kumkatalia mfalme alikwenda wapi? Maana kitabu chakoma hapo, yuko ufuoni peke yake.

Akasema hajawahi kuulizwa hilo na mtu yeyote. Kisha akasema, kama asemaye jambo alijualo: "Wewe waandika."

Nilimpa karatasi zangu mbele ya Mwalimu Kulthum. Alizipokea kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili!

Jumapili, 10 Septemba

Mwalimu Kulthum aliniita kwake alasiri. Bwana Obeid alikuwapo. Mwalimu alikaa nasi na mshono wake, kwa hivyo hakuna la kusemwa na watu.

Bwana Obeid amesoma kila neno! Alisema: "Bi Samiha, mvua yako yapanda, lakini watu wa mji wako hawatazami juu. Kwa nini? Mimi ningetazama." Nikahisi kama nimemwagiwa maji. Ni kweli! Miezi yote hii sikuliona. Tuliongea hadi adhana ya magharibi. Akasema hadithi ikishatengenezwa ataipeleka gazetini mwenyewe.

"Kwa jina langu?" nikauliza.

Akatabasamu. "Inshallah, yote yatapangwa vizuri."

Hakuna mtu aliyewahi kuisoma kazi yangu hivi. Baba husema naandika vizuri, lakini husema hivyo hivyo kwa hesabu za dukani.

Jumatano, 13 Septemba

Shangazi Sheikha amekuja kutoka Likoni na habari — Bwana Obeid ameomba kuonana na Baba Ijumaa baada ya sala. Baba amekubali. Nimeruka! Anakuja kumwomba ruhusa ili jina langu litoke gazetini. Ni adabu kubwa hiyo. Angeweza kunyamaza tu.

Nimetengeneza mwanzo wote. Sasa watu wa mji wanatazama juu.

Shangazi ameniuliza kama nimepaka hina karibuni. Nikamwambia hina ya nini? Akanibana shavu.

Ijumaa, 15 Septemba

Posa.

Amekuja kuniposa.

Nilikuwa jikoni nikipanga vikombe vya kahawa na sahani ya halua, niko tayari kuitwa nieleze hadithi yangu. Shangazi akaingia analia kwa furaha. "Mwanangu, mtu mkubwa vile!" Nikadhani amechanganyikiwa. Ana mke mjini, nikasema. Akasema ndiyo, na amemtunza vizuri, na mimi atanijengea nyumba hapa hapa Kisauni, karibu na Baba.

Baba aliniita baadaye. "Abee, Baba." Alikuwa na uso mpole, uso wa kheri. Akanieleza. Nikamwuliza: na hadithi? Akasema hilo pia wameliongea. Bwana Obeid anasema si vyema jina la mkewe litembee mikononi mwa wanaume sokoni. Itatoka kwa jina lake yeye. Nitaendelea kumwandikia nyumbani nikitaka. Hadithi za nyumba moja zatoshwa na jina moja.

Zatoshwa!

"Nawe ulimjibu nini, Baba?"

"Nilimwambia ni maneno ya busara."

Baba huyu huyu aliyegombana na ndugu zake ili nisome.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Kulthum. Alijua! Alijua tangu Alhamisi ile. Bwana Obeid alimuuliza habari zangu kabla hata hajatoka uani mwa shule — binti wa nani, ameposwa au la. Siku ile ya Jumapili nilipokuwa nikibubujika maneno juu ya mvua yangu, yeye alikuwa akitazama sindano yake na akijua.

Akasema: "Samiha, wangapi hupata mume anayejua kusoma walichoandika?"

Nimetembea hadi nyumbani buibui likiburura vumbi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lile neno lake la kutazama juu ni kweli. Siwezi kulitoa. Liko ndani ya hadithi sasa.

Jumapili, 17 Septemba

Wako sebuleni. Bwana Obeid, kaka yake, Baba, wazee wawili wa msikitini. Wamekuja kuchukua jibu. Mimi niko chumbani, naandika juu ya sanduku la nguo.

Namsikia Bwana Obeid akiwasimulia kwamba kuna mji ambao mvua yake hupanda. Asema watu wa huko hufunika visima, si mapaa. Hilo la visima ni langu! Wanacheka, wamefurahi. Mzee mmoja auliza kitabu gani hicho. Naye, kwa ile sauti nzito: "Bado hakijatoka. Nakitunga sasa."

Na Baba, aliyenisikia nikiisoma hadithi hii hapa hapa nyumbani, hasemi kitu.

Shangazi yuko mlangoni. Amesema wananiuliza kama nimeridhika. Nikasema sina la kumwambia yeye Shangazi. Akasema vema, mwali akinyamaza ndiyo amekubali, sheria yajulikana, ataenda kuwaambia hivyo. Nimemshika mkono wa buibui. Ananitazama. Asema niache, wageni wangoja, nitamwaibisha Baba.

Nimefungua mlango. Kutoka hapa naiona kofia ya Bwana Obeid, na kikombe chetu mkononi mwake. Baba asema, "Samiha, rudi ndani." Sirudi. Zuhura alikataa mbele ya jeshi zima; mbele yangu wako watu watano tu. Kalamu bado iko mkononi, naandika nimesimama, karatasi imeegemea ukuta — Bwana Obeid ameinua macho —